Vitendawili Kumi Kila Kituo

Ndahani aliingia chumba cha kupimia mkono wake ukipapasa ukuta, kama mtu anayetembea ndani ya nyumba inayoyumba. Lakini Kiota, mji wao wa angani, kilikuwa kimetulia asubuhi ile. Upepo ulikuwa mdogo, mifuko ya gesi juu ya mapaa ilikuwa haipigi kelele, hata chai ya Sechelela ilikuwa imelala sawa kikombeni. Aliyekuwa anayumba ni Ndahani peke yake.

"Dada!" alisema, kwa sauti ya mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya korongo. "Dada, nimeamka nimezimika!"

"Punguza sauti, watu bado wamelala."

"Eee?"

Sechelela akasimama. Kikombe alikiweka mahali, asikumbuke tena ni wapi. Huyu mdogo wake sikio la kulia lilikwenda na surua akiwa na miaka minne. Akabaki na la kushoto, na hilo moja likafanya kazi ya mawili, tena kwa ziada. Ndilo lililompa kazi ya kushika breki ya Ndoo, chombo cha kamba cha kuwashushia watu. Mshika breki kazi yake si mkono, ni sikio: kamba ikichoka hulia kabla haijakatika, na Ndahani alikuwa akiisikia inapoanza tu kunung'unika. Kila aliyeshuka kutoka Kiota kwenda tambarare ya Bahi, kilometa tatu chini, alikuwa amening'inia kwenye sikio lile.

Akachukua kibao na chaki. LINI?

"Nimeamka tu hivi. Kama nimetiwa pamba. Na mlio, wiii, kama mbu wa chuma." Akabana pua kwa vidole viwili, akafumba mdomo, akajipuliza mpaka mashavu yakavimba.

Sechelela akampiga kofi mkononi. "Acha!"

"Nazibua!"

Hilo ndilo lilikuwa jambo la kwanza mtoto wa Kiota kufundishwa, kabla ya kuvaa viatu: sikio likiziba, bana pua, puliza. Watu wa kule juu walizibua masikio kama watu wa chini wanavyopiga miayo. Ndahani bila shaka alikuwa amejipuliza tangu alfajiri.

Akamkalisha. Akachungulia kwa taa: nta hamna, usaha hamna, kiwambo cha sikio kizima, kinang'aa. Akagonga uma wa sauti gotini, akausimamisha hewani karibu na sikio. Ndahani akatikisa kichwa. Akaubandika mfupani nyuma ya sikio, pale ambapo sauti hupita njia ya uani ikiwa mlango wa mbele umeziba. Ndahani akatikisa kichwa tena, na safari hii macho yake yalikuwa yameanza kuogopa.

Basi tatizo lilikuwa ndani, kule ambako taa haifiki.

Kwa huko ndani kulikuwa na Mpimo. Mashine hii ilikuwa na ukubwa wa kibuyu, imening'inizwa darini, na ilimjua kila mkazi kwa masikio yake tangu siku ya kuzaliwa. Sikio zima hutoa mwangwi mdogo lenyewe, mdogo kuliko pumzi ya sisimizi, na Mpimo uliusikiliza mwangwi huo, ukaulinganisha na wa mwezi jana na wa mwaka juzi, kisha ukasema kilichoharibika. Ulimsikiliza Ndahani kwa muda wa kuhesabu kumi. Maandishi yakatokea ukutani, nyuma ya Ndahani.

*Neva ya kusikia imeshtuka. Chanzo: ndani ya mwili. Mgonjwa ashuke hospitali kwa Ndoo ya saa kumi jioni. Dawa ikichelewa zaidi ya siku tatu, sikio halitarudi.*

"Mpimo unasemaje?" Ndahani akauliza.

Mwaka ule Sechelela alikuwa amewashusha watu wanne kwa maneno kama hayo, na watatu walirudi wanasikia. Mpimo haukuwa mpumbavu. Lakini kuyumba kule pale mlangoni kulikuwa kunamkera. Akanyoosha kidole, akakiweka kwenye kile kinyama kilicho mbele ya tundu la sikio, akakibonyeza ndani taratibu.

Macho ya Ndahani yakaruka. Yakakimbilia pembeni, yakarudi, yakakimbia tena, na mwili wake wote ukaanguka upande wa kulia. Kama Sechelela asingemdaka, angekwenda na kiti.

"Dada, umenisukuma!"

Hakuwa amemsukuma.

Siku ile ya kwanza alipopewa funguo za chumba hiki, bibi yake alimtegea kitendawili: nyumba ya konokono, madirisha mawili, mlango hamna. Alifikiri nusu siku nzima, na jibu lilikuwa kazi yake mwenyewe. Sikio la ndani ni nyumba ya konokono kweli. Limejaa maji, na ndani ya maji zimo nywele ndogo zinazocheza sauti inapopita. Madirisha yake mawili yamezibwa kwa ngozi nyembamba kuliko ganda la kitunguu. Hewa ikikusukuma ghafla kupita kiasi, ngozi ile huchanika, maji yakavuja, na kila anayeligusa sikio hilo kwa nje humtikisa mwenye sikio kwa ndani.

Mtu mwenye neva iliyoshtuka anatakiwa kushuka upesi. Mtu mwenye dirisha lililochanika hatakiwi kushuka kabisa. Huyo alale hapo alipo, kichwa juu ya mito mitatu, asipulize pua, asibebe kitu, asicheke sana, asubiri ngozi ijishone. Ukimshusha, ile hewa nzito ya tambarare itaingia kwa nguvu, itapanua tundu, na maji yaliyobaki yatatoka. Dawa ya mmoja ni sumu ya mwenzake. Na sikio lilikuwa moja tu.

Akauandikia Mpimo: *Dirisha limechanika.*

*Sababu?* Mpimo ukauliza.

*Ndoo.*

*Hapana. Kumbukumbu za Ndoo, siku thelathini, vituo vyote: kumi, kumi, kumi, kumi. Hakuna shinikizo la hatari. Mgonjwa ashuke saa kumi.*

Sechelela akamlaza Ndahani kitandani, akampachika mito mitatu, akamwandikia kibaoni kwa herufi kubwa: USIINUKE. USIZIBUE. Kisha akashindwa kukaa. Alikwenda dirishani, akarudi. Akafungua daftari, akalifunga. Saa tatu ilipogonga alivaa koti na kwenda kupanda Ndoo mwenyewe.

*

Waliojenga Kiota walikuwa wameanza na saa. Kila Ndoo iliposhuka ilisimama vituo vinne njiani, dakika kumi na mbili kila kituo, ili masikio yazoee. Ikashindikana. Watu walilala. Aliyelala hamezi mate, asiyemeza mate masikio hayafunguki, na wakawa wanafika chini wanavuja damu. Ndipo mama mmoja aliyekuwa kwenye Ndoo akaanza kuwategea watu vitendawili. Wakabisha, wakacheka, wakapanua midomo, na wote wakafika salama. Ikawa sheria. Ndoo haikuondoka kituoni mpaka vitendawili kumi vitegwe na kuteguliwa, maana kwa wastani kumi vilikula dakika kumi na mbili. Katika daftari la safari hawakuandika dakika tena. Waliandika: kumi.

Mtega vitendawili wa sasa alikuwa Bibi Mbeleje, aliyewalea Sechelela na Ndahani baada ya mama yao. Alikuwa na kigoda chake katikati ya Ndoo, na khanga ya rangi ya maboga ambayo hata mtoto aliyepotea aliijua.

"Mbukwa, Bibi!" Sechelela alimsalimia kwa Kigogo akiingia.

Bibi akamtazama usoni, akatabasamu. "Mbukwa, mke mwenzangu! Mume wangu Ndahani yuko wapi leo? Breki ameshika Masima, na Masima ananishusha kama gunia la uwele."

"Ndahani anaumwa kidogo."

"Haya, haya," Bibi akasema, na kugeukia abiria. "Kaeni, kaeni!"

Mlango ukafungwa. Ndoo ikashuka, tumbo la Sechelela likabaki juu kidogo kisha likaifuata. Kituo cha kwanza kilipofika, akatazama saa yake ya mkononi.

"Kitendawili!"

"Tega!" abiria ishirini waliitikia.

"Kila siku nampanda mgongoni, hachoki wala ha—"

"Ngazi!"

"Mmepata! Kitendawili!"

"Tega!"

"Babu yangu ana meno, ila yako mgo—"

"Reki!"

"Mmepata hao! Kitendawili!"

Walikuwa wanavijua vyote. Vilikuwa vilevile vya jana, vya wiki jana, vya masika. Mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni alijibu huku anasuka ukili, bila kuinua macho. Lameki, muuza mlenda, alijibu viwili kabla havijategwa, watu wakamshangilia.

"Ndoo ya siku hizi tamu," Lameki akamwambia Sechelela, akijipuliza pua. "Zamani nilikuwa nafika chini mlenda umenyauka. Sasa nafika una umande."

"Masikio yako vipi?"

"Yanaziba, nazibua. Masikio ya nani hayazibi?"

Bibi Mbeleje akainua kidole cha tisa. "Ana jicho moja, mkia anauburuta, na kila alikopita amefunga!"

Safari hii Lameki akakonyeza abiria, akasimama, akatamka kwa heshima zote, badala ya sindano: "Shemeji yangu wa Manyoni!"

"Umepata!" Bibi akasema. "Ndiye huyohuyo!"

Ndoo nzima ikaangua kicheko. Bibi naye akacheka, akipiga mapaja, macho yake yakipita kutoka mdomo mmoja kwenda mwingine, haraka haraka, kama mtu anayehesabu kuku asipotee hata mmoja.

Sechelela hakucheka. Alisogea mpaka nyuma ya kigoda.

"Bibi," alisema.

Khanga ya rangi ya maboga haikugeuka.

"Bibi Mbeleje." Akasema kwa nguvu zaidi, kiasi kwamba yule mama wa ukili aliinua macho. "Bibi!"

"Kitendawili!" Bibi akawaambia watu wa mbele yake.

Dakika tatu na nusu. Masima akaachia breki, Ndoo ikashuka, na Sechelela akasikia kisu kikipita katika sikio lake mwenyewe. Akameza mate, akameza tena. Si kwamba bibi alikuwa amesahau vitendawili vipya. Bibi Mbeleje angeweza kutunga kumi akiwa anakoroga ugali. Lakini kitendawili kipya kina majibu ishirini, na mtega lazima ayasikie, akatae hili, akubali lile. Cha zamani kina jibu moja, na jibu hilo linaonekana mdomoni.

Kila mwezi watu wote wa Ndoo walipimwa masikio. Kila mwezi Bibi alikuja, akaketi, akavua kilemba. "Unipime mimi?" alikuwa akisema. "Mimi niliyekusikia ukicheza tumboni mwa mama yako?" Na Sechelela aliona haya kumwambia mtu aliyembeba mgongoni ainue mkono kila akisikia kengele, kama mtoto wa darasa la kwanza. Wakanywa chai. Katika daftari akaandika: *safi*. Miezi kumi na minne, safi kumi na nne.

*

Aliporudi juu, Ndahani alikuwa ameamka. Sechelela akaandika kibaoni, chaki ikivunjika mara mbili: BIBI HASIKII. ULIJUA?

Ndahani akasoma. Akageuza uso.

"Jibu!" Sechelela akasema, kisha akaona upuuzi wake, akambonyeza begani.

"Tangu masika," Ndahani alisema, na safari hii hakupiga kelele. "Nilipiga filimbi ya breki nyuma yake, hakushtuka. Jana, kituo cha nne, sikio langu likapiga pu, kama chupa inafunguliwa. Nikajua ni hiyo. Nikaona nikikwambia, utaandika. Na ukiandika, wanamshusha."

Hakuhitaji kumkumbusha sheria ya uzito. Kiota kilibeba watu mia sita na kumi na wawili, hakuna zaidi. Kila mmoja alipimwa kwa kilo na kwa kazi. Mfanyakazi aliruhusiwa kubeba mtu mmoja asiye na kazi. Sechelela alikuwa amembeba mwanawe, Ndahani alikuwa amembeba wake. Bibi Mbeleje bila kigoda chake alikuwa kilo arobaini na sita zisizo na mwenyewe. Angepelekwa tambarare, kwenye tembe, nyumba za udongo zilizochimbwa ardhini kukwepa joto, ambako watu hutoka nje jua likishazama. Shangazi yao alikuwapo huko, lakini Bibi, aliyeshuka kila siku bila kutoka ndani ya Ndoo, alikuwa hajakanyaga udongo kwa miaka ishirini.

"Andika chafya," Ndahani akasema.

"Nini?"

Alikuwa ameuona mdomo wake. "Chafya! Mtu anaweza kujichana kwa chafya, wewe mwenyewe ulinifundisha. Andika nilipiga chafya kubwa. Mimi nalala hapa, Bibi anabaki kwenye kigoda chake. Nani ameumia?"

Sechelela akaandika. Vidole vyake vilifanya kabla hajavituma: *Dirisha limechanika. Sababu: chafya.*

Ukuta ukageuka kijani. *Inakubalika. Mgonjwa abaki juu siku arobaini. Tuma?*

Kumbe ilikuwa rahisi hivyo. Angesema na Bibi taratibu. Angemwekea saa mfukoni, ya kutetemeka. Angetafuta namna. Kidole kilikuwa juu ya neno *Tuma*, na kiatu chake kilikuwa kinapigapiga sakafu chenyewe.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Mwalimu Yeremia, mkoba kwapani.

"Samahani, daktari, najua una mgonjwa. Nipe tena yale matone ya mafua. Nashuka na Ndoo ya saa kumi kuchukua mitihani ya watoto, na sikio hili wiki ya tatu linanicheza shere. Jana nimemwita mwanafunzi wa kulia, akajibu wa kushoto."

Sechelela akachukua chupa ya matone. Akaishika. Akairudisha kabatini.

"Kaa, Mwalimu."

"Nitachelewa."

"Kaa kidogo tu."

Akambonyeza kile kinyama cha mbele ya sikio. Macho ya Mwalimu yakaruka, na mkoba ukadondoka.

"Sakafu imetikisika?" Mwalimu akauliza.

"Hapana."

Akamtuma nyumbani akalale, asishuke, kisha akafungua daftari lake. Hakulitazama kama siku nyingine, ukurasa kwa ukurasa. Alipitisha kidole kwenye neno moja tu. *Mafua.* Mama Chilatu, mafua. Fundi wa mifuko, mafua. Mapacha wa mzee Nasoni, mafua, mafua. Wakazi kumi na mmoja katika miezi miwili, na katika hao hakuna hata mmoja aliyekuwa anapiga chafya. Wote aliwapa matone, akawaambia wazibue, na wakarudi kwenye Ndoo.

Ilikuwa saa tisa na robo. Alitembea mpaka dirishani. Chini huko nyuzi za kamba zilishuka zikapotea katika ukungu wa joto. Akarudi. Ndahani alikuwa anamtazama kutoka mitoni, na alikuwa ameelewa. Alikuwa anatikisa kichwa polepole, polepole, kama alivyoonywa.

"Dada, usifanye," alisema. "Dada. Ni Bibi."

"Najua ni nani," Sechelela akasema, ingawa hakuna wa kumsikia.

Akafuta *chafya*. Akaandika haraka, kwa hofu ya kujisoma: *Vituo vimefupishwa tangu masika. Dakika tatu na nusu badala ya kumi na mbili. Mtega vitendawili hasikii. Mpimaji hakumpima kwa miezi kumi na minne, akaandika safi. Wagonjwa kumi na wawili, majina yanafuata. Wote wasishuke.*

Akatuma.

Hata hajaondoa kidole, honi ya Ndoo ililia mara tatu, na mji wote ukasikia ukimya unaofuata winchi inapozimwa. Simu ya ukutani ikaita. Alikuwa Chidumizi wa Ofisi ya Uzito.

"Sechelela, hii taarifa ni yako?"

"Ni yangu."

"Umejiandika na wewe mwenyewe humu ndani."

"Nimejiandika."

"Usiondoke hapo," Chidumizi akasema.

Aliyefika kabla ya Chidumizi ni Bibi Mbeleje. Alikuja na kigoda chake mkononi, khanga imemlegea, na hakubisha hodi.

"Nani amesimamisha Ndoo yangu?"

Sechelela akamshika mkono, akamweka kwenye kiti cha wagonjwa, akainama mpaka mdomo ukagusa sikio. "Mimi."

"Wewe?"

"Mimi, Bibi. Masikio yako yameharibika. Vituo vimekuwa vifupi. Sikio la Ndahani limechanika."

Bibi akamtazama Ndahani juu ya mito yake. Hakuonekana kupokea lile la tatu. Lilibaki mlangoni likisubiri.

"Watu wanafurahi," alisema. "Ndoo nzima inacheka. Hukuwaona? Ulikuwamo!"

"Nilikuwamo."

"Kama kuna jambo, si ungeniambia mimi kwanza? Mimi niliyekutafunia chakula? Mtu anasimamishiwa kazi kwa honi, kama mwizi! Ungeniita pembeni, ukaniambia, Bibi, kuna hivi na hivi."

"Nimekuita leo mara tatu," Sechelela akasema, na neno likamtoka kwa ukali ambao hakuujua kuwa anao. "Nilikuwa nyuma yako. Ningekuambia, ungesikia?"

Bibi Mbeleje akakisogeza kigoda kutoka goti moja kwenda jingine. Mwisho akasimama, akaenda kitandani, akaweka kiganja juu ya sikio la kushoto la Ndahani, kama watu wanavyofunika chungu chakula kisipoe, na akabaki hivyo mpaka Chidumizi alipoingia.

*

Siku ya nane Ndahani alilalamika kwamba mkewe anakoroga uji kwa kelele. Mkewe akadondosha kijiko, akalia. Sikio lilikuwa limerudi kidogo tu, la mbali, la kama mtu aliye chumba cha tatu. Kama lingesogea zaidi hakuna aliyejua, na Mpimo ulikataa kukisia. Mwalimu Yeremia alikuwa bado amelala juu ya mito. Mmoja wa mapacha alikuwa amechelewa, sikio lake lisingerudi tena. Hilo Sechelela aliliandika mwenyewe, kwa kirefu, bila kutumia neno mafua. Aliondolewa funguo kwa miezi sita, angepima akisimamiwa.

Siku hiyohiyo ya nane Bibi Mbeleje alishuka.

Hakuwa amesema na Sechelela tangu siku ya honi. Alifunga nguo zake mwenyewe, akagawa sufuria, akamwachia mke wa Ndahani ule mwiko mkubwa. Hospitali ya chini ilikuwa imemwandalia vifaa vya masikio. Alisema atavijaribu, kisha akasema hatavijaribu. Sechelela alipopanda naye Ndoo hakumfukuza. Alikaa tu upande wa pili wa benchi, mzigo mapajani, kilo arobaini na sita na mzigo kilo sita.

Katikati ya Ndoo, pale pa kigoda, palikuwa pamefungwa saa ya ukutani, kubwa, ya kuazima kutoka shuleni. Mtega mpya alikuwa hajapatikana. Masima alizunguka akimpa kila mtu ubani wa kutafuna, na akisinzia mtu alimgusa kwa fimbo.

Kituo cha kwanza. Ndoo ikasimama.

Watu wakatafuna. Lameki alitazama mlenda wake, akatazama saa, akaguna. Mtoto mmoja akauliza mbona hatuendi. Mama yake akamwambia anyamaze. Upepo ulipita ukaisukuma Ndoo kidogo, ikarudi. Ukimya ulikuwa wa namna ambayo mtu anaanza kuyasikia meno yake mwenyewe. Bibi Mbeleje alikuwa anaitazama saa, mkono wa dakika, kama mtu anayetazama mdomo wa mtu asiyemfahamu.

Baada ya muda mrefu alisogea kwenye benchi. Hakumtazama Sechelela.

"Bado dakika ngapi?" aliuliza, kwa sauti kubwa ambayo Ndoo nzima iliisikia.

Sechelela akamwonyesha vidole nane.

"Nane?"

Akaitikia kwa kichwa.

Bibi akarudi kwenye saa. Mkono wa dakika ulikuwa haujasogea hata unywele. Akatazama abiria, mmoja mmoja: yule mama wa ukili, Lameki, mtoto anayetafuna kwa bidii, Masima na fimbo yake.

"Nilikuwa nawapunja zote hizi?" alisema.

Lameki akainamisha kichwa juu ya kikapu chake. Sechelela akainuka, akaja kukaa upande wa lile sikio la Bibi lililokuwa na nafuu kidogo, akainama.

"Na sisi tulikuwa tunakupigia makofi, Bibi."

Haikujulikana kama amesikia. Alitoa ubani mdomoni, akautazama, akaurudisha, akaendelea kutafuna. Na bado zilikuwa dakika saba.